Matanga ya Pipa

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, maana wote waliokuwepo wako hai na bado wanabishana, palikuwa na banda la picha huko Mlowo, nyuma ya maghala ya kahawa. Wenyewe waliliita kibanda umiza, kwa sababu ya mabenchi. Madirisha yalizibwa kwa magunia, na picha ilipigwa kwa projekta juu ya shuka jeupe lililopigwa pasi kila Jumapili asubuhi. Mwenye banda alikuwa Asukile Mwashambwa. Watu walimwita Dijei Asu.

Dijei huyu hakuwa wa kupiga muziki. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Filamu zilikuja na lugha za kwao, watu wa Mlowo walikuwa na lugha yao, na katikati alikaa Asukile na kipaza sauti. Mtu wa kwenye picha akifungua mdomo, Asukile anapunguza sauti ya filamu na kusema yeye. Akisema mwanamume, sauti inakuwa nene. Akisema mwanamke, inakuwa laini. Likisema dude la chuma, Asukile anaziba pua. Watu walimpenda mno kwa hilo la kuziba pua.

Alikuwa na mwiko mmoja: hakuangalia picha kabla ya watu wake. "Nikiiona peke yangu nitakuwa nawapa kiporo," alisema. "Nataka tushtuke pamoja." Kwa hiyo picha mpya ilifunguliwa Jumapili saa nane mchana, watu wakishatoka ibadani, na Asukile alishtuka na wenzake.

Sasa niwaambie jambo ambalo Asukile mwenyewe hapendi lisemwe. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alidaka neno hapa, akadaka neno pale, na penye pengo akajaza mwenyewe. Na alijaza vizuri, jamani. Ziko filamu ambazo zilitengenezwa vibaya huko zilikotoka, zikafika Mlowo zikapona.

Palikuwa na desturi pia. Majina ya kwenye filamu yalikuwa magumu, ya kung'ata ulimi, kwa hiyo kila steringi mpya, yaani mhusika mkubwa wa picha, alipoingia, mtu mmoja wa bandani alipewa heshima ya kumpa jina. Jina liliandikwa ukutani kwa rangi ya mafuta, na chini yake jina la aliyelitoa, na halikufutwa tena. Steringi mmoja, mtoa jina mmoja. Waliwahi kuwaachia watu wawili wampe jina adui mmoja, wakashindwa kuelewana, na filamu nzima nusu ya banda ikawa inapiga kelele "Kinyago!" na nusu nyingine "Bwana Sufuria!" Asukile hakusikika hata kidogo. Tangu siku hiyo wakasema basi.

Filamu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwanamke aliyeanguka kutoka kwenye nyota, mikono inatoa moto, kichwani hakumbuki kitu. Kila akiulizwa swali alitikisa kichwa. Wakamwita Sikujua. Sikujua alikuwa na mwenzake wa chuma, mfupi, mnene, mwenye magurudumu matatu na taa moja kubwa kifuani. Huyo wakamwita Pipa. Huko kwao Pipa alikuwa wa kubeba mizigo tu. Lakini Asukile alimpa pua iliyozibwa, akampa maneno ya utani, akampa tabia ya kulalamika kuhusu magoti ambayo hakuwa nayo, na Pipa akawa ndugu wa kila mtu.

Ikaja sehemu ya pili. Mwishoni mwa sehemu ya pili Sikujua anakimbia, lango la chuma linashuka, na Pipa anaingia chini ya lango na kulizuia kwa mgongo ili mwenzake apite. Sikujua akapita. Pipa akabaki. Taa ya kifuani ikaanza kufifia, na Pipa akasema maneno marefu, polepole, huku violini inalia. Asukile hakuelewa hata neno moja la Pipa. Violini aliielewa. Akaziba pua, na sauti ikamtetemeka kweli:

"Sikujua, dada yangu, mimi ndiyo naondoka. Usinililie barabarani, watu watakushangaa. Nenda nyumbani ukanililie huko. Na ukipita mahali pana mlango mzito, unikumbuke."

Taa ikazima. Filamu ikaisha.

Ndugu zangu, mmewahi kuona banda zima linalia? Madereva wa malori ya kahawa walilia. Kibona, fundi pikipiki, mtu mzima mwenye mikono kama spana, alitoka nje akaegemea ukuta akalia. Na Bibi Sikitu, muuza chai wa mlangoni, mjane wa miaka mingi, alisema neno lililowashika wote. Alisema, "Mtu akifa hivyo, hatuwezi kwenda kula kana kwamba hakuna kitu." Wakaweka matanga. Msicheke. Walitandika mikeka uani kwa Bibi Sikitu, wakachora sura ya Pipa kwenye katoni la sabuni, wakapika makande, wakakaa siku tatu. Ulianza kama utani, mnajua wenyewe utani ulivyo. Lakini siku ya pili watu walikuwa wanakaa kimya kabisa, na kila mmoja alikuwa anamlilia Pipa, na pamoja na Pipa marehemu wake mwenyewe. Kibona alinyoa kipara.

Watu wawili tu hawakulia msiba ule.

Wa kwanza alikuwa Atupele, fundi cherehani, msichana ambaye hakuwa anasikia tangu alipougua utotoni. Yeye sauti ya Asukile hakuijua. Alikuja bandani kuangalia, na aliangalia hasa. Alifika matangani na kipande cha kitambaa cheusi, akaandika juu yake kwa chaki yake ya ushonaji: HAJAFA. TUMBONI KUNA TAA NDOGO INAWAKA. Watu wakasoma, wakamwonea huruma. Wakampa sahani ya makande. Wakasema pembeni, mtoto wa watu, hasikii, amepitwa na maneno ya mwisho. Atupele aliyasoma midomoni mwao, akaondoka.

Wa pili alikuwa Mwalimu Yoram Simkonda, wa Kiingereza, pale sekondari. Yeye maneno ya mwisho aliyasikia na kuyaelewa. Siku ya pili ya matanga alikwenda kwa Asukile nyumbani, akafunga mlango.

"Dijei," alisema, "Pipa hajafa. Alisema ameishiwa chaji. Alisema analala, asiguswe mpaka jua litoke."

Asukile alikaa chini palepale. Halafu akamshika mwalimu mkono wa shati.

"Mwalimu, nakuomba. Watu wako mikekani. Bibi Sikitu kajifunga kanga kiunoni. Kibona kanyoa. Nikawaambie nini? Nipe muda, nitalisema mwenyewe."

"Utalisema lini?"

"Jumapili."

Jumapili ikapita. Ikaja nyingine, ikapita nayo. Mwalimu alinyamaza, kwa sababu aliombwa anyamaze. Asukile alinyamaza kwa sababu aliogopa. Mwaka mzima mtu huyu alikula, alilala na kutafsiri filamu nyingine akiwa na ombi moja tu moyoni, kwamba sehemu ya tatu ikija, walioitengeneza wawe wamemsahau Pipa. Maana kipaza sauti kile ndicho kilichokuwa maisha yake. Mtafsiri akishajulikana kuwa anatunga, nani atalia tena akisema lieni?

Sehemu ya tatu ikaja.

Jumapili hiyo saa sita tu watu walikuwa wamejaa mlangoni, vikombe vya chai vya Bibi Sikitu havitoshi. Mabishano yalikuwa moto. Kibona alisema sehemu ya tatu haiwezi kuishinda ya pili, hakuna filamu duniani iliyowahi kufanya hivyo. Mwingine akamkumbusha ile ya mtu wa barafu, ambayo sehemu ya tano ilikuwa nzuri kuliko zote nne zilizotangulia.

"Ile ya mtu wa barafu usiniambie," Kibona akasema. "Yule kafa mara tatu, karudi mara tatu. Mtu akifa afe! Ndiyo maana nampenda Pipa. Pipa kafa kiume."

"Lakini kwenye filamu hizi za anga," akasema Mwalimu Simkonda, akijaribu kuwaandaa taratibu, "mara nyingi mtu anaweza akadhaniwa..."

"Mwalimu, yule tulimzika," Bibi Sikitu akamkata. "Kunywa chai."

Mwalimu akanywa chai. Alikuwa ameshapata barua ya uhamisho. Keshoye alikuwa anaondoka kwenda Kibondo, na filamu hii ndiyo ilikuwa ya kumuaga. Ndani, Asukile alikuwa anafuta lenzi ya projekta ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

Saa nane ikafika. Taa zikazimwa. Kabla filamu haijaanza, Kibona alisimama akaomba dakika moja ya kumkumbuka Pipa, na banda zima likasimama. Asukile naye akasimama. Moyo wake ulikuwa unamwuma kweli.

Filamu ikaanza vizuri. Sikujua anatembea peke yake mjini, mvua inanyesha. Anapanda ngazi. Anaingia chumbani, anakaa, anashika kichwa. Mlango unafunguliwa. Na anaingia Pipa, magurudumu matatu, taa kifuani, kichwani kabeba sinia la vikombe.

Pipa akafungua mdomo akasema. Asukile hakusema. Pipa anaongea, Asukile kanyamaza, na banda zima linamwangalia Pipa halafu linamwangalia Asukile. Asukile akabonyeza kidude chake, picha ikasimama.

"Asu," Kibona akaita gizani. "Yule ni nani?"

"Yule ni... Pipa."

"Pipa si alikufa?"

"Alikufa."

"Sasa vile vikombe anambebea nani?"

Hapo banda likachemka. Wengine walisema ni pacha wake. Wengine wakasema flashi yenye filamu imechanganywa, hii ni sehemu ya kwanza. Wengine wakasema Dijei katudanganya. Kibona alikuja mbele, akashika waya wa kipaza sauti. "Nilinyoa kipara mimi!" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Leta hiki. Apewe mwingine." Na watu wa mabenchi ya nyuma wakaanza kusimama wakielekea mlangoni.

Asukile akaona kila kitu kinamponyoka. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaapa mbele ya wote: "Jamani! Atakayeiokoa picha hii leo, ikaendelea mpaka mwisho, huyo ndiye atakayempa jina steringi mpya! Naapa! Jina lake litakaa ukutani!"

Wa kwanza kuinuka alikuwa Atupele. Alipita katikati ya mabenchi, akachukua mkononi mwa Asukile kile kidude cha kuendeshea filamu, akamwonyesha kwa vidole viwili: rudi sehemu ya pili, mwisho kabisa. Asukile akatii. Lango likashuka tena kwenye shuka, Pipa akaingia chini yake tena, taa ya kifuani ikazima tena. Atupele akasimamisha picha, akaenda kuweka kidole juu ya shuka, chini ya tumbo la Pipa. Palikuwa na taa ya kijani ndogo kama punje ya mtama. Akaruhusu picha iende. Ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima.

Banda likatulia. Hakuna tena wa kusema pacha. Hakuna tena wa kusema flashi. Yule alikuwa Pipa, na Pipa hakuwahi kufa. Wale walioanza kutoka wakarudi kuangalia taa.

Lakini mtu akasema, "Kumbe Asu alitudanganya kweli." Na banda likachemka upya, safari hii mara mbili. Kibona akauvuta waya.

Wa pili kuinuka alikuwa Mwalimu Simkonda.

"Mwacheni," alisema. "Mwenye kosa ni mimi. Maneno niliyaelewa siku ileile. Nilikwenda kwa Dijei nikamwambia. Alitaka kuja matangani kuwaeleza, nikamkataza. Nikamwambia usiwaharibie watu. Kama ni kumchukia mtu, nichukieni mimi, kesho naondoka na chuki hiyo."

Asukile aliyasikia maneno hayo, na alijua si kweli. Alijua nani alimshika nani shati. Alifungua mdomo, akauona mkono wa Kibona ukilegea kwenye waya, akaufunga mdomo. Nawaambia mambo yalivyokuwa. Sisemi alifanya vizuri.

Banda likatulia tena. Kumchukia mwalimu aliyewafundishia watoto wao miaka sita, siku moja kabla hajaondoka, nani angeweza? Kibona akaachia waya. Lakini furaha ilikuwa imekufa. Watu walikaa wamenuna. Kila mmoja alikuwa anakumbuka makande, mkeka, katoni la sabuni, na kujiona mjinga. Wakaanza kuondoka sasa bila kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ndipo Bibi Sikitu akacheka.

Alicheka kwa sauti, akiwa amesimama mlangoni na birika mkononi, amewazibia njia. "Mnakwenda wapi?" aliuliza. "Nani kati yenu alilia kuliko mimi? Matanga yalikuwa uani kwangu. Nililia siku tatu, macho yakavimba. Basi mwenye haki ya kukasirika ni mimi, na mimi nacheka. Wajukuu zangu, nimezika watu wengi. Nimemzika mume wangu. Nimezika wanangu wawili. Wote niliwalilia vizuri, na niliamka kila asubuhi nikaangalia mlango. Hakurudi hata mmoja. Leo, mara ya kwanza tangu nizaliwe, mtu niliyemlilia kafungua mlango kaingia, tena na vikombe vya chai! Na ninyi mnamnunia? Mnataka kumwambia nini, rudi ulikotoka, tumeshakula makande?"

Akaweka birika chini, akapiga kigelegele.

Sijui nani alimfuata wa kwanza. Nasikia alikuwa Kibona. Alijipiga kiganja kwenye kile kichwa chake, ambacho nywele zilishaota zamani, akasema, "Pipa yuko hai, jamani!" kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Banda likalipuka. Vigelegele, mbinja, mabenchi yanapigwa, watu wanakumbatiana na jirani wasiomjua. Asukile akarudisha picha pale mlango unapofunguliwa. Pipa akaingia. Asukile akaziba pua, machozi yanamtoka, na kusema:

"Sikujua, dada yangu, mbona umekonda? Ulifikiri nimekufa? Nilikuwa nimelala. Mimi magoti yananiuma, nikilala silali kidogo."

Hawakusikia yaliyofuata kwa dakika tano nzima, kwa vicheko.

Ilikuwa filamu nzuri kupita zote, na Kibona ilibidi akubali kwamba sehemu ya tatu imeishinda ya pili. Mwisho wake, baada ya vita vyote, Pipa anafungua tumbo mbele ya Sikujua, na humo kinatoka kidude kidogo kama birika, kina magurudumu matatu na taa ya kijani. Kinazunguka mara moja, kinaangalia watu, na filamu inaisha. Kila mtu alielewa: sehemu ya nne ni ya huyu.

"Jina!" banda likapiga kelele. "Jina! Jina!"

Magunia yakafunguliwa, jua la jioni likaingia. Asukile akachukua kopo la rangi na brashi, akasimama mbele ya ukuta. Kwanza akawageukia watu na kuwaambia ukweli: kwamba mwalimu hakumkataza kitu, kwamba yeye Asukile ndiye aliyeomba kufichiwa, na mwalimu kajitwika mzigo usio wake. Watu wakaguna, lakini mguno wa watu walioshiba furaha hauna meno. Mwalimu akaangalia chini.

"Sasa," Asukile akasema, "niliapa kwa aliyeokoa picha. Nani?"

Atupele alikuwa ameshaandika. Akainua kitambaa chake cheusi: NI MIMI. MWAKA MZIMA MLISEMA SIKUELEWA KWA SABABU SISIKII. BILA TAA ILE MNGEKUWA BADO MNABISHANA KUHUSU PACHA. Akageuza upande wa pili: AITWE KIMULIMULI.

"Atupele kasema kweli," akasema Mwalimu Simkonda. "Lakini taa yake ilionyesha kwamba Pipa yu hai na kwamba Dijei ni mwongo, vyote kwa pamoja. Mkono wa Kibona ulikuwa kwenye waya. Picha bila mtafsiri ingeendelea vipi? Mimi nilisema uongo mbele ya wanafunzi wangu ili mkono ule uachie. Sijawahi kusema uongo hapa Mlowo. Namwita Mlowo, ili nikiwa huko Kibondo nijue kuna ukuta unaosema nilikuwa hapa."

"Haya, na mlikuwa mnakwenda wapi wote?" Bibi Sikitu akauliza. "Mlikuwa mlangoni! Taa mmeshaonyeshwa, uongo mmeshadanganywa, na bado mnatoka. Nani aliyewarudisha? Mimi namwita Karudi." Halafu akasema bila kicheko, "Nataka kila Jumapili niliite jina hilo kwa sauti. Nyumbani sina wa kumwita hivyo."

Watu wakaanza kugawanyika. Mmoja alisema Bibi alisema maneno matamu tu, hakujua lolote. Mwingine akajibu, aliyejua ni mwalimu, na alinyamaza mwaka mzima, tangu tulipokuwa tunapika makande. Mwingine akasema Atupele alifukuzwa matangani na sahani ya makande, na leo mnataka kumfukuza tena?

Ndipo Kibona, yuleyule wa waya, akanyoosha mkono.

"Na Asu je?" alisema. "Msinizomee, nisikilizeni. Nendeni Vwawa, nendeni Tunduma, muulize Pipa ni nani. Watawaambia, kile kidude kinachobeba vikombe. Wao walielewa sawasawa kwamba kimelala, wakaenda zao kula. Sisi tulidanganywa tukalia, na kwa sababu tulilia, leo tumefurahi mpaka tumekumbatiana. Yule mtoto wa Pipa asingekuwa na maana yoyote kama Asu asingekosea. Jina alitoe yeye."

Asukile alishtuka kusikia hivyo kutoka kwa mtu yule. Akaona aibu, na kusema kweli akaona raha pia. Aliwaangalia wote. Atupele kashika kitambaa chake juu, mikono imeanza kuchoka, hakishushi. Mwalimu kavaa koti la safari. Bibi Sikitu anasubiri. Watu wengine walikuwa wameshafika mlangoni wakitaka kutoka, na mlangoni hapo ndipo penye hatari, maana wakitoka kabla jina halijaandikwa, mtaa utakipa kile kidude jina lolote, na jina la mtaani likishashika halitoki.

Akachovya brashi. Akainua mkono.

Na mimi nimeishia hapo, kwa sababu kila niliyemuuliza ananipa jibu lake na kunikasirikia nikilikataa. Msichana aliyeona alichokiona akapuuzwa mwaka mzima. Mwalimu aliyejichafua siku yake ya mwisho ili mwingine asichafuke. Mwanamke aliyelia kuliko wote, akacheka kabla ya wote. Na mwongo ambaye uongo wake uliwafanya wakipende kitu cha chuma. Ninyi mmekaa hapa mkisikiliza kuanzia mwanzo, kwa hiyo msiniangalie mimi. Rangi inakauka kwenye brashi, na Asukile anawasubiri ninyi: kati ya hao, nani ampe jina mtoto wa Pipa?